Mwalimu Nikodemu na Hatua ya Polepole

Mpendwa wetu Mwalimu Nikodemu alizaliwa Rondo tarehe 14 Agosti 1971. Mimi, Anjelina, ndimi niliyemfuata kuzaliwa. Kaka yetu mkubwa Klementi ndiye angesoma wasifu huu, ila sauti imemkauka kwa maneno ya jana.

Nikodemu alisoma shule ya msingi Rondo, sekondari Lindi, kisha ualimu Mtwara. Tangu 1996 alifundisha kemia mjini Lindi. Kemia yenyewe, jamani, mpaka leo sijui inaingilia wapi! Alisema ukidai jambo limetokea kwa hatua hizi na hizi, lazima ziendane na kasi iliyopimwa, zisipoendana, tupa. Siku moja tukimenya muhogo aliniuliza, "Tukiongeza wamenyaji, unga utawahi?"

Nikasema utawahi. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. "Anji, jua si ni lile lile? Hatua ya polepole ni kukauka. Mmenyaji hayumo kwenye kasi ya unga." Nilinuna siku nzima.

Tarehe 6 Oktoba 2001 alifunga ndoa na Tekla wa Nyangamara, wakajaliwa Flora na Deo.

Januari 2024 figo zilianza kushindwa. Kwa nini? Daktari alieleza, nikaitikia, sikuelewa kitu.

Sasa, haya hayamo kwenye karatasi mlizoshika. Jana Kaka Klementi alisema mbele ya watu, "Ni chakula cha Tekla. Arobaini ikiisha, arudi kwao." Na wengine mkatikisa vichwa kukubali. Nimechanganyikiwa, lakini hebu tupime. Machi yote Tekla alikuwa Nyangamara akimuuguza mama yake, na Nikodemu alikula kwangu. Vipimo vya figo viliendelea kuwa vibaya kwa kasi ile ile. Wifi yangu akarudi, akapika asubuhi na jioni. Kasi ile ile! Basi Tekla hayumo. Najua Nikodemu angenikatiza: "Umeondoa kisichoendana tu, Anji, hujapata kilichopo." Kweli kaka, sijakipata. Kilichokuua sikielewi, na inaniuma.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa kumi alasiri, kichwa kikiwa mapajani pa mkewe.

Ameacha mjane, Tekla, ambaye nyumba waliyoishi ni yake, watoto Flora na Deo, Kaka Klementi, na mimi, mmenyaji wa muhogo. Mungu ampe Nikodemu pumziko la amani.

Kaka Klementi, shikamoo. Naomba umpishe Tekla hapo ulipo, ukingoni mwa kaburi. Udongo wa kwanza ni wake.