Likizo Ni ya Walimu

Ndugu zangu, nilishushwa kutoka juu ya bango la matangazo na mwenzangu aliyenibandua vidole kwenye chuma, kimoja baada ya kingine. Sikuwa nimeanguka. Ngazi ilikuwa nzima, mkanda wa usalama ulikuwa umefungwa vizuri, wala hapakuwa na upepo. Mikono yangu ilikataa tu kuachilia.

Wengi wenu mnanijua kama mume wa yule dada wa kwaya, yule mwanamume asiyeonekana kanisani. Kazi yangu hufanywa Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tulivu. Tunapanda, tunashusha turubai la tangazo la zamani, tunafunga jipya. Ni kazi ya kandarasi: ikiisha unakaa ukingoja simu ya msimamizi. Kwa miaka mingi sikuwahi kuikataa simu hiyo. Hata nikiwa na homa nilimeza dawa nikapanda.

Siku ile tulikuwa Kangundo Road, upande wa Njiru. Nilikuwa nikifunga kona ya mwisho nilipotazama chini, kama nilivyozoea, nikaona ardhi inapanda kunijia. Mwenzangu aliniita. Nilimsikia, nikazidi kukumbatia chuma.

Kandarasi ilipokwisha, msimamizi alipiga simu kunipa nyingine. Nikamwambia napumzika kwanza. Alicheka hadi akakohoa.

"Unapumzika? Kwani wewe ni mwalimu, shule zimefungwa?"

Nikasema sijui nitarudi lini. Hapo akaacha kucheka. Akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, kwamba vijana wanaoitaka nafasi yangu ni wengi, na wao hawachoki.

Nilidhani nikilala vya kutosha woga utaondoka. Nawaambia ukweli, uliongezeka. Nilianza kupanda ngazi za ploti hii, jengo letu la kupanga, nikipapasa ukuta. Nikakisogeza kitanda mbali na dirisha, nikamwambia mke wangu ni baridi. Simu ikilia, naogopa kuishika. Isipolia naogopa zaidi, maana huenda amepata mwingine. Jioni moja mke wangu aliniuliza kama nimefutwa kazi. Nikasema la. Akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikasema la. Akarudi kukata sukuma wiki, akakata tena hata zile alizokwisha kukata. Nikajua sasa tunaogopa wawili.

Kuna mama mmoja, jirani yetu. Yuko hapa kwenye ushirika na amenikataza kumtaja. Mgongo wake unamsumbua, na aliponiona nashinda nyumbani akaniomba nimbebee beseni la nguo mbichi hadi hapa juu paani. Nikajidai nina shughuli. Akaomba tena siku nyingine, nikasema nangoja mgeni. Siku iliyofuata alisimama mlangoni kwangu, mkono kiunoni.

"Baba Imani, wewe wa kupanda mabango, ngazi za ploti zimekushinda?"

Alikuwa akinitania tu. Hakujua.

Nikalibeba lile beseni. Nilipofika pale mlangoni, penye tangi la maji, nikauona ukingo wa paa. Nikalitua chini, nikashika fremu ya mlango, nikajisikia nikisema, "Mama, naogopa." Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Nilingoja anicheke. Yeye aliitazama mikono yangu, kisha akaufungua mwisho wa kamba ya kuanikia akanipa.

"Basi kaa hapo hapo. Hii imelegea, nguo zinaburuzika chini. Wewe ivute, mimi nianike."

Nikaishika kwa mikono miwili. Akaanika shuka, akaanika sare za shule, huku akilalamika jinsi maji ya mfereji yanavyokuja na kutu. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma akataka kibanio. Vibanio vilikuwa kwenye beseni, miguuni pangu. Ili nimpe, ilinibidi niachilie kamba kwa mkono mmoja. Ndugu zangu, jambo hilo dogo lilinichukua muda ambao naona haya kuutaja. Mama yule hakuniharakisha. Alikaa vile vile, mkono umenyooka, akiendelea na habari za kutu. Nikaachilia. Nikampa kibanio. Kamba ikabaki juu, nami nikabaki nimesimama.

Siku hiyo hiyo nilimweleza mke wangu yote. Alilia, halafu akasema kitanda kirudi dirishani, ila upande wa dirisha atalala yeye.

Namshukuru yeye. Namshukuru mama wa beseni, ambaye tangu hapo ananiita kila akifua. Nawashukuru ninyi mliokubali ushirika wa leo ufanyike huku juu kwa sababu niliomba. Nilichojifunza ni hiki: sisi watu wa kandarasi tunaona aibu kupumzika, kwa hiyo tunapumzika tukijificha. Mapumziko yale ya kujificha yalinitafuna. Nilianza kupona nilipomwambia mtu kwa nini nimekaa.

Msimamizi amepiga simu leo mchana. Bado ananikumbuka. Kuna bango jipya karibu na mtaa wa Fedha, Jumapili hii, na anataka jibu kesho asubuhi. Mnaona nimekaa hapa kando ya mlango. Ukingo wa paa uko kule, nyuma ya kiti cha mchungaji, na sijaufikia bado. Simu iko mfukoni. Sijamjibu.