Historia ya Mwalimu Sedekia, Aliyelazwa Akiwa Amepona

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Igawilo, walimu na wanafunzi mliosafiri kwa lori kutoka Iringa, mimi naitwa Asukile Mwakatundu, fundi cherehani wa Mbeya mjini, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, Mwalimu Sedekia Mwakatundu. Wazee wameniambia nisome kwa kifupi, na nikifika kwenye ugonjwa niseme tu kwamba aliugua muda mfupi, basi. Nimewasikia. Nitasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1915 hapa hapa Igawilo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Anania Mwakatundu na mama yetu Damari, ambao wote wametangulia, na baba alipofariki mwaka 1929 tulichukuliwa na kaka yake, Baba Mkubwa Isakwisa, aliyeketi hapo mbele, ambaye alitulisha, akatuvika, akatulipia shule, na hilo sitalificha, kwa sababu bila kulijua hamtaelewa kwa nini mwanamume wa miaka arobaini na miwili, mwenye mke na watoto, alishindwa kumwambia hapana.

Alianza shule ya misheni mwaka 1925, akamaliza mwaka 1932, akasomea ualimu, akafundisha darasa la kwanza kwa miaka michache, na mwaka 1941 akaingia Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Burma. Huko ndiko alikojifunza mazoezi ya viungo, akarudi mwaka 1945 na kifua kipana, hana sigara wala pombe, na tarehe 14 Januari 1946 akaanza kufundisha kwenye shule ya wavulana karibu na mji wa Iringa, akakaa hapo mpaka mwisho, akifundisha hesabu, maarifa ya afya, na mazoezi kila asubuhi kabla ya kengele, baridi ya Juni ikiwepo.

Mliofundishwa naye mnajua alivyokuwa. Aliwawekesha wanafunzi mkono kifuani wausikilize moyo, akawakimbiza kuzunguka uwanja, wakausikiliza tena, akawaambia kwamba moyo nao ni msuli, ukizoezwa unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, ukiachwa unalegea, kwamba mapafu ya mtu anayekimbia yanajifunza kuvuta hewa mpaka chini kabisa, mifupa inayobeba uzito inakomaa, tumbo la mtu anayetembea linapata choo bila dawa, na usingizi wake hautafutwi. Alipenda zaidi habari ya shavu la mguu, akilishika lake mwenyewe mbele ya darasa, akisema hii ndiyo pampu ya pili, kwa kuwa kila hatua inaibana mishipa na kuirudisha damu juu moyoni, na mtu asiyetembea damu yake inasimama huko chini kama maji ya mfereji ulioziba. Wako wazazi waliokwenda kulalamika kwamba hawakulipa ada watoto wao wafundishwe kuruka kama vyura, naye aliwapokea vizuri, akawapa viti, halafu akaendelea na kazi yake.

Tarehe 3 Julai 1948 alifunga ndoa na Apolonia, binti wa Kihehe kutoka upande wa Tosamaganga, na hapa ukoo ulisema sana, kwamba mwanamke ni Mkatoliki, hajui lugha yetu, hajui kupika ndizi, atamroga mtoto wetu, na maneno hayo yalisemwa kwenye nyumba hii hii, mimi nikiwepo. Ndizi alijifunza kwa mwezi mmoja. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sekela, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1949, na Danieli, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1952, na kwa miaka tisa sikuwahi kumsikia kaka yangu akimlalamikia mke wake.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Mwezi wa Julai mwaka huu marehemu alipatwa na ngiri, na tarehe 6 Agosti akapasuliwa hospitali huko Iringa, salama kabisa, na daktari akamsimamisha kesho yake tu, akamwambia yeye na mkewe, na Mwalimu Bartholomeo, mwenzake wa shuleni, akiwepo, shahidi huyo amekaa pale, kwamba asinyanyue kitu kizito, asilime, lakini atembee kila siku, taratibu, asilalie mgongo kutwa nzima. Tarehe 17 aliruhusiwa, akatoka hospitali kwa miguu yake.

Kwetu sisi mgonjwa hauguzwi ugenini. Baba Mkubwa akatuma lori, kaka akaletwa Igawilo, akatandikiwa kitanda chumba cha mbele, akafunikwa mablanketi, na habari ikaenda kila kilima kwamba Mwalimu amepasuliwa tumbo. Mkaja. Mlikuja kwa mapenzi, na kuku, na maziwa ya mgando, na kila aliyekuja ilibidi amkute mgonjwa amelala, kwa maana mtu ametoka Tukuyu kwa miguu kuja kumpa pole, halafu amkute mgonjwa anazunguka uani, atasema aliitwa bure, na ukoo utaaibika. Kaka aliomba ainuke, akaambiwa mshono utafumuka. Aliomba akae barazani, akaambiwa watu watasema hatumtunzi. Mtu aliyefundisha miili ya wenzake miaka kumi na moja alinyamaza mbele ya aliyemlea, akalala, na kila alichokuwa akikifundisha darasani kikaanza kumtokea yeye, choo kikafunga, kifua kikajaa makohozi, mapaja yakanywea, usingizi ukakimbia, akawa anahema kwa kugeuka tu kitandani. Nasi tukasema mnaona, ugonjwa ni mkubwa, azidi kupumzika.

Mtu mmoja alikataa. Apolonia alimwamsha mumewe alfajiri, kabla ya wageni, akamshika kwapani, wakazunguka nyumba, na kwa siku hizo chache kaka alipata choo na akaomba chakula, mpaka shangazi mmoja akawaona, kukawa na kelele, mkongojo wa kaka ukafichwa, na shemeji yangu akahamishiwa jikoni, akaambiwa asimguse mgonjwa tena. Shavu la mguu wa kushoto lilipovimba, kaka mwenyewe alisema ni damu imesimama, akaomba arudishwe hospitali, akajibiwa kwamba baada ya wageni wa Jumapili. Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1957, saa nne asubuhi, alishika kifua, akakosa pumzi, akafariki. Tabibu wa serikali aliyekuja kumwangalia alikuta mshono umefunga safi, hauna usaha wala ufa, akaushika ule mguu, akasema donge la damu limetoka hapa likapanda kwenye mapafu.

Nimesoma hayo kwa sababu tangu Alhamisi inasemwa kwenye matanga haya kwamba Mhehe amemuua mumewe kwa kumtembeza, na jana usiku wazee wameamua kwamba baada ya maziko apande lori arudi kwao peke yake, watoto wabaki. Nina uchungu, Baba Mkubwa, na uchungu wangu unazidi kwa kuwa najua ulimpenda. Ulimpenda ukamlaza mpaka akafa, na aliyetaka kumponya ndiye unayetaka kumnyang'anya watoto. Mimi sikubali. Sekela na Danieli watakwenda na mama yao, nami nitapanda nao lori mpaka Iringa, na anayetaka kunizuia anizuie hapa, mchungaji akisikia.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Iringa, ambao kazi yao ilikuwa njema, walimu na wanafunzi, hasa Mwalimu Bartholomeo, majirani kwa kuni, maji na vyakula, na mchungaji kwa sala zake. Wa mwisho wa kushukuriwa ni yule mliyemweka kule nyuma karibu na mafiga, ambaye sikumsikia akitajwa na mtu yeyote aliyesimama hapa leo. Ndaga fijo, shemeji. Naomba wabeba jeneza wasubiri kidogo, na ninyi mlioketi njiani mpishe, Apolonia apite na watoto wake, atembee wa kwanza nyuma ya mume wake, sisi wa ukoo tutamfuata.

Nawe kaka, sasa pumzika kwa amani, maana saa ya kupumzika ndiyo hii.