Sala Aliyokataa Kuifunga Mwalimu Zipporah

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye jikoni apunguze moto, avute kigoda. Leo namkumbuka mwanamke mbishi. Mwanawe ameniruhusu kulitumia neno hilo, tena kacheka.

Mwalimu Zipporah Kahaso alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na minane aliongoza ibada ya kila asubuhi katika shule moja ya msingi ya kanisa, bara ya Mambrui. Jina la shule nalihifadhi. Wenyewe wanajijua.

Ibada yake ilikuwa hivi. Kengele inalia, watoto wanapanga mistari uwanjani. Wimbo mmoja, mstari wa Biblia, kisha sala. Na katikati ya sala Mwalimu anauliza, "Nani hayupo?" Fulani ana homa. Anaombewa. Fulani yuko matangani. Anaombewa. Lakini mtoto akizuiwa shule bila sababu, Amina haisemwi. Watoto wanaingia darasani, sala imebaki wazi, mpaka mwenzao arudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mwalimu Zipporah, na hakuna aliyeilalamikia mpaka mwaka wa elfu mbili na kumi na nane.

Mwaka huo Lynn wa darasa la sita hakuonekana. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipelekwa Mtwapa kwa jamaa, akalee mtoto na kufua nguo. Na babake alikuwa nani? Bwana Kambi, mwenyekiti wa kamati ya shule hiyo hiyo! Haya, nani atamfunga paka kengele?

Zipporah alimfunga. Jumatatu akasema, "Lynn Kambi hayupo," na Amina hakusema. Jumanne vile vile. Jumatano vile vile.

Siku ya tisa mwenyekiti akaja shuleni, amefuatana na mwalimu mkuu.

"Mwalimu, mtoto anajulikana aliko. Funga sala."

"Anajulikana aliko, mwenyekiti. Wenzake wako kwenye hesabu, yeye anafua nepi za watu. Siifungi."

"Wewe ni sikio la kufa," Bwana Kambi akamwambia. "Husikii dawa."

Kesho yake akapewa barua. Afunge sala, au atafute kazi pengine. Na kumbukeni, wasikilizaji, Zipporah alikuwa mjane, na mshahara wake ulitoka kwa kamati hiyo hiyo.

Mwanawe, Kenga, ameniambia hivi: "Mama aliogopa, msidhani hakuogopa. Aliniita akaniuliza, 'Tukila muhogo mtupu, utavumilia?' Nikamjibu nitavumilia. Akaikunja barua, akafutia meza."

Hakufukuzwa. Alinyang'anywa ibada. Mwalimu mkuu akasimama mbele mwenyewe, akaomba vizuri, akamaliza: "Amina." Watoto mia mbili, kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Kimya. Kisha mtoto wa darasa la kwanza, hata mkono hakuinua, akasema, "Lynn hayupo."

Habari ikatoka shuleni, ikaingia majumbani. Bi Rehmat, mwenye duka pale njia panda, anakumbuka. "Mimi Muislamu, ibada yao si yangu. Lakini kila aliyekuja kununua sukari aliniuliza, mtoto wa mwenyekiti kesharudi? Hata Bwana Kambi alipokuja kununua betri, nilimuuliza. Akazisahau betri zake."

Siku ya thelathini Bwana Kambi alikwenda Mtwapa. Siku ya thelathini na moja Zipporah alisimama tena mbele ya mistari, bila ruhusa ya mtu. Akauliza, "Nani hayupo?" Hakuna aliyejibu. Akaita, "Lynn Kambi."

"Nipo, Mwalimu."

Amina ya siku hiyo Bi Rehmat aliisikia dukani kwake.

Lynn sasa yuko chuo cha ualimu. Nilipompigia simu alisema, "Watu wanadhani alinikumbatia. Wapi! Aliniambia, 'Una hesabu za mwezi mzima. Kaa chini uanze.'"

Juzi Jumamosi tulimzika Mwalimu. Mchungaji alipokaribia mwisho wa sala, Lynn alisogea kando ya kaburi, akauliza, "Nani hayupo?" Watoto wa shule wakataja watatu. Wawili wanachunga mbuzi wa watu. Mmoja, msichana wa miaka kumi na minne, ameposwa. Mchungaji akamaliza, "Amina." Hakuna aliyeitikia. Bwana Kambi alikuwapo, kofia mkononi, mvi kichwa kizima. Naye hakuitikia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Kenga, kwa ukoo wa Kahaso, kwa walimu na watoto wa shule ile, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi mnaonisikiliza, Mambrui, Mnarani, Mtwapa, popote mlipo, tazameni nyumbani kwenu na kwa jirani. Nani hayupo shuleni leo? Mtajeni kwa jina. Mtajeni kesho tena.

Desturi ya kipindi hiki ni kumalizia na sala, na Amina naisema mimi. Leo wako watoto watatu hawajarudi. Sisemi.