Fundi Uzi na Redio Alizozing'oa

Leo tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na lawama zisizo idadi, fundi wetu mkuu wa umeme wa magari anastaafu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mfungaji redio wa gereji hii, kazi ya kuandika wasifu wake. Sijui ni nani aliyewaza hivyo. Mtu huyu amezing'oa redio zangu mbele ya wateja kwa miaka tisa, na sasa nimsifu! Haya basi, nasifu.

Aliajiriwa kuchaji betri, enzi ambazo gereji hii haikuwa na paa. Akapanda hadi kwenye nyaya, na miaka kumi na minane iliyopita akafanywa mkuu wa kitengo cha umeme. Kitengo chenyewe kilikuwa yeye na kiti kimoja.

Jina la Fundi Uzi alilipata kwa tabia yake ya kufunga uzi mweupe kwenye kila waya anaougusa. Hata akiusogeza tu kwa kidole, anaufunga. Kazi ikiisha, mteja anaenda kulizungusha gari, anarudi, na ndipo Fundi anaingia chini ya dashibodi na wembe kukata nyuzi zake moja moja. Gari lisiporudi, kwake kazi bado, hata likienda kama jipya. Mama Stoo, anayetutunzia vifaa, amenunua uzi hadi mwenye duka akamuuliza tuna cherehani ngapi. Nasi tulichoka, jamani. Mteja ana haraka zake, watu wamepanga foleni hadi getini, na Fundi bado anadai uzi wake.

Halafu kuna hili la redio. Gari likiletwa kwa tatizo lolote la umeme, Fundi hasalimii kabla hajauliza redio imefungwa lini. Wateja walikuwa wakinuna. Mwalimu mmoja, ambaye taa zake za breki zilikuwa zimekufa, aliapa kwamba redio haihusiki hata chembe. Ilihusika. Aliyeifunga alikuwa amechomeka waya wake kwenye fyuzi ya breki, kwa hiyo mwalimu akipandisha sauti tu, fyuzi inaungua. Dereva teksi mmoja naye, spika zake zilipiga mluzi kila akikanyaga mafuta, kwa sababu waya wa kwenda kwenye bodi ulikazwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu. Kila mara Fundi alikuwa sahihi, na hakuna kinachochosha kama mtu aliye sahihi kila mara.

Zamu yangu ya kosa kubwa ikafika miaka sita iliyopita. Wakati huo tulikuwa wafungaji watatu. Mkunga wa zahanati ya jirani aliacha gari mapokezi, akaagiza afungiwe redio inayoimba hata ufunguo ukitolewa. Nikaona kazi rahisi. Waya mwekundu, unaotakiwa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu, nikauunga na ule wa njano unaokula betri saa zote. Nikazungushia utepe, nikaenda zangu. Siku ya tatu asubuhi mkunga aliitwa kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Akawasha gari, kimya. Betri ilikuwa imekauka. Alikwenda kwa miguu, mkoba begani, nusu anatembea nusu anakimbia. Mtoto alizaliwa salama, tunashukuru, lakini Bosi alitangaza kwamba aliyefanya ujinga ule akijulikana, afungashe virago siku hiyo hiyo. Mke wangu naye alikuwa na mimba ya miezi minane.

Fundi hakuuliza ni nani. Aliniita mimi nichomoe fyuzi moja moja, huku yeye akitazama taa ya kupimia aliyoiunga kwenye betri baada ya kuichaji. Ilipotoka fyuzi ya redio, taa ikazima. Nikaivuta redio, na utepe wa bluu ukaonekana. Gereji nzima ni mimi pekee niliyekuwa natumia utepe wa bluu. Aliukata kwa wembe, akautia mfukoni, akamwambia Bosi kosa tumeliona na tumelisahihisha. Tumeliona! Kisha akanipeleka kwa mkunga nikaombe radhi, akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza.

Nilidhani yameisha. Wapi! Tangu siku hiyo hakuna redio niliyofunga bila yeye kunisimamia begani, akiguna. Na gari lake mwenyewe, lile la kijivu, halikuwahi kufungwa redio. Tundu la dashibodi alilizibia kitambaa miaka yote. Ukimuuliza, anasema hajaona wa kumwamini. Anasema hivyo nami nipo hapo hapo nasikia. Iliniuma, sifichi.

Mwezi huu wafanyakazi tumemnunulia redio ya kumuaga. Jana asubuhi aliniwekea funguo za gari mkononi, akachomoa kile kitambaa, akaenda kwa Mama Stoo kunywa chai. Hakusimama begani. Nilikagua kila waya mara mbili kama mwanafunzi, na kwa mara ya kwanza nilitamani aje anigunie. Nilipomaliza nikamwita aje na taa yake ya kupimia. Akajibu kwamba ameshaifungasha, akaendelea na chai yake. Mpaka naandika haya hajainama kuangalia.

Fundi, asante kwa magari uliyoyaponya, na kwa utepe ule uliouficha mfukoni. Binti yangu ana miaka sita sasa, na nyumbani kwetu hatujawahi kulala njaa. Leo ukitoka hapa una safari ya saa tano hadi kwa binti yako, na redio itaimba njia nzima. Uwe na afya, upumzike, wajukuu wakuchoshe kama ulivyotuchosha sisi. Ila ukiinama utaona nyuzi saba nyeupe chini ya dashibodi, nimezifunga mimi. Gari bado halijazungushwa likarudi, na sheria ni yako mwenyewe. Urudi tuzikate.