Jarida Wasilolisoma Walimu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo redio, maana sauti iliyobaki ni kidogo na sitaki kuigombania na mtu. Daktari aliwanong'oneza kule koridoni msiyotaka niyajue, lakini mimi nimefanya kazi na masikio ya watu maisha yangu yote, na ya kwangu bado ni mazima.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu, asiuze mtu sehemu yake wenzake wakiwa wamenuna, na shangazi yenu abaki na chumba chake mpaka aseme mwenyewe kwamba mmemchosha. Yale majarida yaliyojaa chumba cha kazi, ambayo kifungua mimba umekuwa ukiyaita chakula cha mchwa, ni ya kitinda mimba, aliyefuata kazi yangu. Naye ndiye ninayetaka kusema naye hasa. Ninyi wengine muwe mashahidi.

Nilipokuwa kijana nilizunguka shule na kile kipimo changu cha usikivu, nikiwavalisha watoto visikizi vya masikioni na kuwaambia wainue mkono kila wakisikia mlio. Nikagundua kwamba wale wa nyuma ya darasa, walioitwa wazembe na kuchapwa kwa kutojibu, wengi wao walikuwa hawasikii vizuri, na kwamba kumsogeza mtoto mbele tu kulimfaa kuliko fimbo zote. Lilikuwa jambo ambalo mwalimu angeweza kulifanya asubuhi inayofuata.

Nikaliandika, na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Idarani kwetu kulikuwa na jarida moja la fizikia ya sauti ambalo wakubwa walilitaja kwa heshima kama jina la mkwe, nami nikalitamani bila kuuliza linasomwa na nani. Laiti ningefungua matoleo machache tu, ningeona wanaoandika humo wote ni watu wa kupima spika na kuta za kumbi, hakuna mwalimu hata wa dawa. Walinikubalia kwa sababu hesabu zangu zilikuwa safi. Wakaniomba nifupishe habari za watoto, nikafupisha. Nikapandishwa cheo, kichwa kikavimba, baba yenu akawanywesha soda majirani wote.

Miaka ikapita kimya. Kisha mwenzangu tuliyemwita Miwani akatoa utafiti kama ule ule katika jarida la walimu, na shule zikamsikiliza. Nilimwita mwizi mbele ya watu, na tangu hapo hatujapeana mkono. Hakuniibia, wanangu. Andiko langu hakuwahi kuliona, angelionea wapi? Akija mazikoni mpokeeni vizuri, na mumwambie nilimwonea.

Aliyenivunja moyo hasa ni mwalimu mkuu mmoja, mama wa makamo, ambaye nilimpa nakala ya andiko langu kwenye semina. Alilisoma wakati wa chai, akatazama mwaka uliochapwa juu yake, akanifuata na kuniuliza taratibu, "Mama, mlikuwa mnajua haya muda wote huo, na sisi tunachapa?" Wale watoto sasa ni watu wazima, na wako walioacha shule wakiamini kwamba ni wajinga. Najuta, na majuto haya simwachii mtu, nakwenda nayo.

Subirini nipumue.

Sasa wewe, kitinda mimba wangu. Umewapima watoto wanaosomea kando ya barabara kuu, na najua unataka kuupeleka utafiti kule kule nilikopeleka mimi, maana bila jina lile hawatakupa kazi ya kudumu. Sikulaumu. Lakini kwanza kaa na majarida ya fani yako, makubwa na yale yenye majalada mabaya. Tazama wahariri ni akina nani na wanafanya kazi wapi. Tazama nani anamtaja nani, utawajua wanaojibizana na walionuniana. Na lile lililokuandikia juzi likikusifu na kukuahidi kukuchapa ndani ya wiki, likimbie, mhariri mwenye kazi zake hambembelezi mtu asiyemjua. Ukishayajua yote, ndipo ujiulize ni lipi litakalomfikia mtu aliyesimama mbele ya wale watoto.

Nigeuzeni kidogo. Hivyo, hivyo.

Mnizike mapema, na hotuba ziwe fupi. Msitupane. Radhi zangu mnazo nyote, Mungu awatangulie kila mwendako. Na wewe kitinda mimba, mama yangu, hata ukichagua lile jina kubwa, radhi zangu unazo vile vile, sizirudishi. Ila kabla ya jarida lolote... nenda kwa walimu wa shule ulizopima. Waambie kwa mdomo wako. Usingoje kuchapwa. Mimi kila siku nikienda kazini nilipita mbele ya moja ya shule nilizopima... geti liko wazi... nawasikia wakichapwa. Sikuingia.