Kipepeo wa Mfukoni

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama fundi cherehani alikuwa akimlalamikia kinyozi aliyekaa naye, mtu asiyemjua kabisa. "Shule za siku hizi hazikwambii kitu, kaka. Lile kundi la wazazi la kwenye simu nililizima sauti, kutwa ni picha za maua na salamu."

Kinyozi akacheka. "Mimi sina mtoto, dada, lakini leo naenda siku ya wazazi. Kuna kibinti hupita kibandani kwangu akitoka shule, hunibembeleza nikakae kwenye dawati lake anisomee, maana wa kwao hawaji. Walimu wananiita baba."

"Wazazi gani hao!" Fundi akasonya kwa niaba ya akina mama wote. Hata mimi nilisonya.

"Na anasoma huyo! Ila ubao haoni vizuri, wamemhamishia mbele. Utamjua kwa kipepeo aliyetariziwa mfukoni mwa sare."

Fundi akamgeukia. Kisha, taratibu: "Bawa moja fupi?"

"Eh! Umejuaje?"

"Uzi uliniishia."

Basi likasimama mbele ya geti la shule. Kinyozi, ambaye bado hakuwa ameelewa, akainuka. "Nipishe, dada. Mtoto asije akadhani siji."

Fundi hakusogeza miguu.