Yai la Mwalimu Deodatha

Mchungaji, wazee wetu, ndugu waombolezaji, shikamooni. Mimi ni Yustus, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Deodatha Anastazi alizaliwa Kituntu tarehe 9 Mei 1951, akasoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari akasomea Bukoba, na Januari 1978 akaajiriwa kufundisha biolojia katika sekondari moja hapa Karagwe. Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na Bwana Telesfori wa hapa Rugu, wakajaliwa watoto wawili, Polikarpi na Speciose.

Minong'ono kwamba ni mchawi ilianza Agosti 1984, jirani yake, Mama Celestin, alipoona dirishani kwake yai lisilo na gamba, limevimba ndani ya bilauri ya maji, na jingine limesinyaa ndani ya maji ya chumvi. Marehemu alieleza kwamba gamba limeyeyushwa na siki, kwamba ni mfano wa kuwafundishia wanafunzi jinsi kila seli ya mwili ilivyo na utando mwembamba, unaochagua kipi kipite na kipi kibaki, lakini nani alisadiki? Watu walikataa hata ndizi zake, na mimi, sitaficha, sikula kwake miaka miwili.

Novemba 1986 Celestin, mtoto wa miaka minne, aliharisha siku mbili mpaka macho yakadidimia, na mvua ilikuwa imekata barabara ya hospitali. Marehemu akaja na maji yaliyochemshwa, nami nikiwa hapo kumjulia mtoto hali. Mama Celestin akamzuia mlangoni.

"Mwalimu, umetia nini humo?"

"Chumvi kidogo na sukari, mama. Vikipita pamoja kwenye utando wa seli za utumbo, maji huvifuata."

Akanywa kikombe kizima mbele yetu. Mama hakuridhika, akataka na mimi ninywe, nikanywa kwa hofu. Ndipo mtoto akapewa, kijiko kwa kijiko, na kufikia jioni alipata haja ndogo, akaomba uji. Hata hivyo wapo waliosema kwamba aliponya alichokiroga mwenyewe.

Aprili 1995 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akafariki juzi, tarehe 20 Februari 1996, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliochimba kaburi. Tangu jana nasikia watu wakiulizana nani kamuua. Mwenye swali anifuate mimi, majibu ya daktari ninayo mfukoni, asiende kwa mganga.

Dada, pumzika kwa amani, na kile kikombe nilichokunywa kwa hofu, unisamehe.